Mchochezi Mkuu wa Mabani Manne

Jumatatu, 3 Machi 1975

Bani la pili la kukaushia tumbaku, siku ya tatu. Rangi imekuja. Njano ya ganda la ndizi, siyo njano ya ugonjwa. Tangu asubuhi nimetia magogo mawili tu. Nimegusa bomba la joto kwa kiganja nikahesabu hadi nne, nikatoa. Nne ndiyo ya leo. Kesho itakuwa tatu. Keshokutwa hata moja huwezi.

Bwana Shamba alituletea kipimajoto mwaka juzi. Nimekitundikia kofia. Mkono huu ulichochea gari moshi tangu Mwingereza yupo, hauhitaji chupa ya kuuambia moto ni moto.

Mabani manne ya kijiji, yote chini yangu. Vijana saba nimewafundisha mimi. Majani shambani yameanza kuiva kwa pamoja, kama yamepigiwa kengele. La tatu tutajaza Jumamosi, la kwanza Jumapili. Tumbaku ndiyo zao letu pekee hapa nje ya Tura. Ikiharibika hii hatuna jingine la mwaka huu. Haitaharibika. Nipo.

Bi Zaina, mwalimu wetu wa kisomo, amesema kila siku niandike, la sivyo herufi zitanikimbia. Naandika. Hazinikimbii.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano. Katibu wa kijiji, Maganga, amepata barua kutoka Wizarani, Dar es Salaam. Muhuri mkubwa kama kisahani. Amesoma amesimama. Inasema habari ya nishati. Tukauliza nishati ni nini. Maganga akafikiri, akasema ni moto wa serikali. Sawa.

Barua inasema kuanzia msimu huu vijiji vyote vya tumbaku viache kuni, vitumie makaa. Basi. Hakuna zaidi, ila jina la mtu na saini kama mdudu aliyekanyagwa.

Wakaniangalia mimi. Makaa ndiyo nini? Nikasimama. Nikawaambia mimi makaa nayajua yote, hakuna kaa chini ya jua sijalitia mdomoni mwa tanuri. Makaa ni mkaa ukiwa mwingi. Mti, miti. Mkaa, makaa. Tumefundishwa darasani. Wakapiga makofi.

Nyumbani mke wangu, Mama Kulwa, akauliza, "Sasa mkaa si unatoka kwenye mti ule ule? Tena ukiuchoma unabaki kidogo?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya Wizara.

Lakini swali lake limenikaa. Sikulipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekata miti ya mitundu kumi na mingapi sijui. Mikubwa. Kwa kuni tulikuwa tunaokota matawi na magogo yaliyolala. Kwa mkaa lazima shina zima. Tumepanga tanuri la udongo, tumefunika majani na mchanga. Litafuka wiki mbili. Wiki mbili! Majani ya tumbaku hayajui kusubiri.

Maganga alitaka nizime kuni za bani la pili kwa sababu barua imeshafika. Nikamkatalia mbele ya watu. Jani likishaanza safari huliteremshi njiani. Akasema, "Mzee, ni amri." Nikamwambia aingie yeye bani akalisomee jani hiyo amri.

Nimemaliza na kuni. Bani la pili limetoka zuri. Zuri sana. Wengine hawasemi, lakini wameona.

Jumamosi, 8 Machi

Bani la tatu limejaa. Fito zote zimetundikwa, majani mabichi, mazito. Ilikuwa niwashe jioni.

Adhuhuri akaja tarishi wa mkoa na baiskeli. Barua nyingine. Muhuri mwingine, mdogo kidogo ila wino mwingi. Kutoka Mkoani, Tabora. Inasema ukataji miti kwa ajili ya mkaa umesimamishwa mkoa mzima. Vijiji vitumie kuni kavu zilizoanguka zenyewe. Atakayekutwa na tanuri la mkaa atashitakiwa.

Maganga amesoma mara tatu. Mimi nimesoma mara moja na nusu. Ni hivyo hivyo.

Wizara: kuni hapana, makaa ndiyo.
Mkoa: mkaa hapana, kuni ndiyo.

Wote ni serikali. Sasa serikali ni ipi?

Maganga ni kijana mzuri lakini mwoga, ameletwa hapa kutoka Nzega, hajui bado nani anamtisha zaidi. Amesema tukichoma kuni tumeikataa Wizara, tukichoma mkaa tumeukataa Mkoa. Tusichome chochote mpaka waelewane. Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Akatoa kufuli.

Amefunga midomo ya moto ya mabani. Yote minne. Kwa mnyororo.

Nimekasirika mpaka masikio yananiuma.

Jumapili, 9 Machi

Bani la tatu bila moto. Nimenusa mlangoni. Bado harufu ya jani. Kesho itakuwa harufu ya maji machafu. Keshokutwa mbolea.

Hata hivyo wamejaza na la kwanza. Nilisema wasichume. Wamechuma, kwa sababu ratiba ilisema Jumapili, na ratiba Maganga hakuifunga kufuli.

Nimeamua kuandika barua mwenyewe. Kwa Mkoa. Huko ni karibu, huko watu wanaona kwa macho tumbaku ni kitu gani. Bi Zaina hayupo, ameenda kwao Mtendeni, Tabora mjini, kwenye harusi ya mdogo wake, hivyo hakuna wa kunisahihisha. Sihitaji. Nimeandika ukurasa mzima bila mstari kupinda. Nimeinakili na hapa, nisije nikasahau nilivyoweza:

Kwa Mheshimiwa wa Mkoa. Salamu. Mimi ni Athumani, Mchochezi Mkuu wa kijiji hiki. Nimechochea tangu utawala wa Mwingereza na baada ya Uhuru nikaendelea kuchochea bila kuchoka. Nina wachochezi saba, wote nimewafundisha mimi, na wake wao wanatusaidia. Katibu wa kijiji anatuzuia. Nyinyi na Wizara hamwelewani na sisi ndio tunaoumia. Tuko tayari kuchochea leo hii, tunangoja ruhusa yenu tu. Msipojibu upesi moto tutauwasha wenyewe. Ahsante. Ni mimi Athumani, Mchochezi Mkuu.

Zamani relini tuliitwa fayamani. Bi Zaina ndiye aliyesema hilo neno la kikoloni tuliache, Kiswahili kina neno lake, mwenye kuchochea ni mchochezi. Neno zuri. Linajaza mdomo.

Nimempa gadi wa treni ya jioni pale Tura. Akasema itakuwa Tabora kabla ya chai ya asubuhi.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna jibu. Nimekaa mbele ya kufuli kutwa nzima. Vijana wangu wawili wamekaa nami, wakalala.

Bani la kwanza linanuka. Jani la chini limeanza kuteleza mkononi kama samaki. La tatu bado, kuta zake nene, kivuli. Limebakiwa na siku moja. Labda na nusu.

Mama Kulwa ameleta ugali hapa hapa. Akapitisha mkono kwenye tundu la bani, akashika jani, akanusa vidole. Akavipangusa kwenye kanga. Ningependa angesema kitu.

Jumanne, 11 Machi (nimeandika Jumatano, Tabora)

Jibu lilikuja. Na Landrova.

Watu watatu. Mmoja shati la kijivu na daftari, wawili askari. Watoto wakakimbilia gari, kisha wakakimbia kutoka kwenye gari. Mimi nikatembea kwenda kuwapokea. Nikajua ndiyo ruhusa. Nilivaa koti.

Yule wa daftari hakuniamkia. Nikamwambia, "Marahaba."

Akashtuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa sema."

"Wewe ndiye Athumani? Mchochezi?"

"Mkuu," nikamwambia. "Mchochezi mkuu. Usinipunguze."

Wakatazamana.

"Uchochezi umeanza lini?"

"Wewe hujazaliwa. Nimechochea reli yote hii. Dar mpaka Kigoma."

Akaandika. "Reli yote?"

"Na tawi la Mwanza."

"Nani alikutuma?"

"Mzungu mmoja mwekundu. Amekwisha rudi kwao."

Kalamu ikatoboa karatasi. Akauliza wenzangu saba wako wapi. Nikasema hao bado wanafunzi, mkitaka kazi ichukueni kwangu, wao watawaharibia. Akasema basi nipande gari. Nikaona heshima hii kubwa, sikutegemea gari. Nikawauliza kama tutapita kwanza mabani. Askari mmoja akafungua mlango wa gari.

Mama Kulwa alikuja na kanga begani, anapangusa mikono. Akawaangalia nyuso. Akaniambia kwa Kinyamwezi, polepole, "Baba Kulwa, hawa hawajaja na uso wa tumbaku."

Nikamwambia arudi jikoni. Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Nimelifikiria njia nzima.

Askari walikaa mmoja kushoto mmoja kulia. Tulipofika mbali ndipo nikaona kwamba siyo heshima.

Jumatano, 12 Machi

Tabora. Boma. Nimelala ndani ya chumba chenye dirisha la juu. Hawakunipiga. Hawakunitukana. Hawakuniambia kosa pia. Daftari hili lilikuwa ndani ya koti, wamelipekua wakanirudishia, askari mmoja akasema, "Huyu mzee anaandika nambari za moto tu, moja mbili tatu nne."

Nimekaa benchi la ukutani tangu asubuhi. Watu wanapita na mafaili. Mfanyabiashara mmoja Mhindi amekaa karibu nami, anangoja kibali cha mafuta ya taa, akaniuliza kosa langu. Nikasema sijui. Akasema, "Mimi pia sijui, mzee, na nina karatasi kumi."

Askari wa mchana ni mtu wa Urambo. Akaniamkia vizuri, "Wangaluka, baba." Nikamwuliza nimefanya nini. Akainama. Akasema wamesikia huko Tura kuna mzee anachochea wananchi waiasi serikali, reli nzima, ana kundi.

Nikamwambia hiyo ni hatari, huyo mzee lazima akamatwe.

Akaniangalia sana.

Nikahesabu: mzee, Tura, reli, kundi. Nikaelewa.

Sijui niandike nini hapa. Baba yangu alibeba pembe kutoka hapa hapa Tabora mpaka Bagamoyo, miezi mitatu kwenda, na hakuna aliyemwita mwasi. Mimi nimeshikwa kwa neno. Tena nimelitia sahihi mara mbili.

Bani la tatu leo limekwisha. Najua. Nipo hapa nalinusa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitwa. Ofisi ya Bwana Mipango, mkubwa wa mambo ya maendeleo mkoani. Mnene, miwani, mbele yake barua yangu. Ameisoma kwa sauti yote, polepole, halafu akaiweka.

"Mzee. Unachochea nini?"

"Moto."

"Moto gani?"

"Wa tumbaku. Kuna mwingine?"

Akamtazama yule wa daftari. Yeye akatazama kalamu yake. Kisha Bwana Mipango akavua miwani, akalala juu ya meza. Nikadhani amepatwa na maradhi. Alikuwa anacheka. Amecheka mpaka karani akachungulia mlangoni.

Akauliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi, si unaona. Akasema yeye Mzaramo wa Kisarawe. Ah! Mtani! Mgongo ukaninyooka pale pale.

Nikamwambia, "Ndiyo maana mkoa umepotea njia. Baba yangu alipita kwenu na mzigo kichwani mkamwomba chumvi. Leo mmepanda juu ya kiti mnamfunga mtoto wake."

Akasema, "Baba yako ndiye aliyekula maembe yetu yote akaondoka bila kuaga. Nilikuwa nakusubiri siku zote. Leo nimekupata, nitakuuza Bagamoyo."

"Utaniuza kwa nani? Wazaramo wenyewe hamna bei."

Yule wa daftari hakujua aandike au asiandike.

Chai ikaletwa. Ndipo nikamweleza yote. Barua ya Wizara, makaa, tanuri, barua yake, kufuli. Akakunja uso. Barua ya Wizara hajawahi kuiona. Imekuja kijijini moja kwa moja, imeandikwa chini nakala kwa Mkoa, nakala haikufika. Barua yake yeye imeandikwa nakala kwa Wizara. Hiyo nayo, akapiga simu, ipo kwenye faili la mtu aliye likizo. Akasema tangu madaraka yaletwe mikoani kila mmoja anadhani mwenzake ameambiwa.

Simu ya Dar ni ya kupiga kelele. Alikuwa amesimama. "Makaa! Nasema MAKAA! Makaa gani?" Akasikiliza. Akaniangalia. Akaweka mkono juu ya simu.

"Mzee, wanasema makaa ya mawe."

Nikaweka kikombe chini.

"Unayajua? Yanachimbwa chini kusini huko. Mawe meusi. Walitaka muache miti kabisa. Yataletwa kwa behewa."

Mawe. Mawe yanawaka? Relini tulichoma kuni tu.

Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni. Mti miti, mkaa makaa. Mimi. Wizara ilitaka kuokoa miti, Mkoa ulitaka kuokoa miti, na mimi katikati nikaiangusha ile mitundu. Sikumwambia Bwana Mipango kwamba maana ile ilikuwa yangu. Nilikunywa chai.

Akauliza, "Sasa ungekuwa wewe, tumbaku imeiva, ungefanyaje?"

"Kuni zilizolala. Kwa vipimo. Moto mdogo wa muda mrefu, siyo mkubwa wa haraka."

"Siwezi kuandika hivyo. Nikiandika kuni nimeipinga Wizara."

Akaandika karatasi nyingine. Inasema: kijiji kiendelee kama awali kikisubiri maelekezo ya pamoja. Nikauliza awali ipi, kabla ya barua ya kwanza au kabla ya ya pili. Akasema hiyo ndiyo serikali, mtani, kila mtu atasoma anayoitaka.

Akanipa mkono. Akasema nibadilishe cheo. Nikamwambia nitafikiri.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikosa treni ya Alhamisi. Nimelala siku mbili Mtendeni kwa kina Bi Zaina. Alilia aliposikia, akasema kosa ni lake, ni neno lake. Nikamwambia neno ni zuri, wao ndio hawakulisoma vizuri. Siyo kweli kabisa lakini alikuwa analia.

Leo nimeshuka Tura saa nne asubuhi. Nikatembea. Sikuwa na haraka. Mtu hana haraka ya kuona maiti.

Kwenye kona nikaona moshi. Mwembamba, wa bluu, unapanda wima. Moshi wa kuni kavu. Kutoka bani la tatu.

Nikakimbia. Kwa umri wangu.

Mama Kulwa amekaa mbele ya mdomo wa moto kwenye kigoda changu. Kigoda changu! Na wanawake wengine watatu. Mnyororo umelala chini, kufuli bado limefungwa, wamekata pete ya mnyororo kwa shoka. Maganga amesimama mbali kidogo, anajifanya hayupo.

Nikauliza tangu lini. Jumanne. Landrova ilipopinda kona tu. Akasema, "Uliniambia nirudi jikoni. Jikoni ni kwenye moto."

Wale wanawake wakacheka mpaka wakashikana.

Sikucheka. Nimekasirika. Nimefurahi. Nimekasirika zaidi. Nikagusa bomba nikitafuta kosa. Tatu. Siku ya nne, tatu ndiyo yenyewe. Nikaguswa na moto kwa sababu nilisahau kutoa mkono.

Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema, "Miaka mingapi nakuletea ugali hapo? Ulidhani mimi natazama nini?"

Bani la kwanza limekufa. Wametoa majani yote, wamemwaga shimoni. Meusi, yananata. Sikwenda kutazama mara mbili. Hilo ni la kufuli. Siwezi kusema si langu kabisa.

Maganga nimempa karatasi ya Mkoa. Amesoma, "kama awali." Akaniuliza awali ipi. Nikamwambia ile ya moto.

Bani la nne nimejaza leo hii hii na nimewasha mwenyewe. Wataona tofauti.

Jumanne, 18 Machi

Makaa ya mawe yamekuja! Kweli! Behewa limeachwa Tura kwenye njia ya pembeni. Hakuna aliyeagiza, hakuna wa kuyapokea, ila jina la kijiji chetu limeandikwa kwa chaki. Tumeleta kiasi kwa mkokoteni wa punda.

Ni mazito. Yanang'aa kama mgongo wa mende. Yanachafua mkono. Nimewasha kibiriti, hakuna. Nimewasha kibiriti cha pili, hakuna. Watu wamenizunguka, wananiangalia, maana mimi si ndiye ninayeyajua yote.

Nikasema yanataka kuni chini yake kwanza. Sikuwa najua, lakini nilisema kama najua, na ilikuwa kweli. Tumejaribu bani la kwanza kwa kuwa ni tupu. Yakashika. Halafu hayakutaka kusikia. Moto mweupe. Bomba la bati likawa jekundu, likalainika, likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Tumemwagia maji. Tumekimbia.

Makaa haya yanataka tanuri lenye tumbo la chuma, siyo la bati. Wizara haikuuliza matumbo yetu ni ya nini.

Saa hiyo hiyo akafika yule wa daftari, safari hii na baiskeli ya kuazima Tura, amenitolea shikamoo ya mbali. Amekuja kuangalia utekelezaji. Akaona makaa, akaona moshi. Akaandika: kijiji kimeanza kutumia makaa ya mawe. Nikamwambia na bomba limeyeyuka, andika. Akasema hiyo ni sehemu nyingine ya fomu, haijaletwa.

Sielewi. Ninajua kila neno analosema na sielewi.

Bani la nne lilihitaji kuongezwa moto jioni. Mama Kulwa akapita, akanusa, akasema uti wa jani bado mbichi, ningoje kesho. Nikaongeza. Ni bani langu.

Alhamisi, 20 Machi

Mkutano. Maganga anataka tuandike kwa Wizara na kwa Mkoa, barua moja, nakala mbili, ili wasome kitu kimoja siku moja. Wazo zuri, nimeliunga mkono. Wakasema niandike mimi maana mwandiko wangu umeshafika mbali. Wamecheka. Na mimi nimecheka kidogo.

Nimeandika: tumbaku inataka moto wa siku sita bila kukatika. Tuambieni moto wa nini, tutachoma. Msituambie tusichome. Tutapanda miti mahali pa ile tuliyokata. Niliyoikata mimi kwa kutokuelewa.

Hilo la mwisho Maganga alitaka kulifuta. Nikamwambia libaki.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna jibu bado kutoka kokote. Mvua kidogo alfajiri, hewa imelainisha majani, siku nzuri ya kutoa.

La tatu lilikwisha tolewa, lilikuwa limefunikwa kwa magunia bandani. Leo tumetoa la nne. Nikapeleka fungu la bani langu na fungu la bani la Mama Kulwa mlangoni penye mwanga. Watu walikuwa upande wa pili wanafunga. Nilikuwa peke yangu.

Langu ni zuri. Mtu wa kununua atalisifu. Lakini karibu na uti kuna kahawia, kama madoa ya chai, jani hadi jani. Ni moto ule wa Jumanne.

La kwake halina doa. Limelala mkononi kama ngozi ya mwanakondoo. Nimeligeuza upande huu na huu. Nimelipeleka puani. Nimetafuta.

Nimechochea miaka yote hii na sijawahi kutoa jani kama hilo.

Tulipofunga mtumba wa kwanza wa tumbaku, jani la kukaa juu, lile mnunuzi anafunua kwanza, ni mimi nachagua. Nimeweka la kwake. Mama Kulwa alikuwa ameshika upande mmoja wa kamba. Aliona. Akavuta kamba, nami nikavuta upande wangu, tukafunga.